Mume yuko ulinzi wa amani Afrika ya Kati: ya nyumbani tumwambie au tumfiche? (Uzi kutoka Tanga)

Binti_Makorora (mwanzisha uzi)

Wana jukwaa, habari zenu. Wenye salamu yao, assalam aleykum.

Nimesoma humu nyuzi nyingi kuhusu askari wanaokwenda misheni. Karibu zote zinaishia kwenye dola na kwenye uaminifu wa wake zao. Naomba leo tuongee jambo jingine, maana najua humu wamo wake, mama, ndugu na wastaafu.

Mume wangu ni askari wa JWTZ. Yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati na kikosi chetu cha Tanzania, TANBAT, chini ya MINUSCA, misheni ya Umoja wa Mataifa iliyoanzishwa 2014. Makao ya kikosi ni Berbérati, kusini-magharibi mwa nchi ile, upande wa kuelekea Cameroon. Hilo si siri, limeshatangazwa. Yuko kombania ipi, kambi ndogo ipi, anatoka doria lini, hayo msiniulize. Mie nipo Tanga mjini, Makorora, na watoto pamoja na mama mkwe.

Ninalosema ni hili: aliye misheni aambiwe ya nyumbani, mazuri na mabaya. Tuchague saa, tuchague njia, lakini tusimfiche. Najua wengi mtapinga, na mama mkwe wangu ndiye wa kwanza. Ila niwaeleze kwanza wanavyoishi, kwa sababu usipoijua siku yao huwezi kuijua saa ya kuwaambia jambo.

Kwa anavyonisimulia, siku inaanza alfajiri. Wanahesabiwa, mazoezi, chai, kisha kila mtu anashika zamu yake. Wapo wa doria, wa kusindikiza misafara, wa lindo la kambi, wa jikoni, wa mitambo ya kusafisha maji. Wa doria anavaa fulana ya kuzuia risasi na kofia ya chuma ya buluu, na joto la kule ni la msituni, lenye unyevu, halina upepo wa bahari kama huu wetu. Barabara ni za udongo. Mvua ikikolea gari linazama, wanashuka kulikwamua, na doria iliyotegemewa kurudi alasiri inarudi usiku. Huku mimi naona tiki moja tu. Mara nyingi tiki moja ni tope, basi.

Jioni ndiyo wakati wao. Wanaoga, wanafua kombati, wapo wanaocheza voliboli, wapo wanaomwagilia mchicha nyuma ya jiko, wenye kuswali wanaswali jamaa, wenye kwaya wanaimba. Halafu ndiyo kugombea waifai. Intaneti ya kambini inapitia setilaiti, na kombania nzima ikiingia kwa pamoja hata picha haifunguki. Kupigiana kwa video tumeacha: uso unaganda, mtoto analia, baba anaumia. Tunarekodiana sauti. Sauti ni nyepesi, inafika, na anaweza kuirudia akiwa kitandani.

Kuna na masaa pia. Wako nyuma yetu kwa saa mbili. Akishika simu saa mbili usiku, huku ni saa nne, watoto wameshalala. Basi wanangu wanarekodi baada ya magharibi. Mkubwa anamsomea alichoandika shuleni, mdogo anamshtakia jogoo wa jirani. Majibu yake wanayasikia asubuhi wakivaa viatu. Ramadhani sisi tunafuturu wakati kwake jua bado halijazama, na anataka tumtajie kilichomo kwenye kila bakuli.

Yeye naye anatueleza anachokula. Kule chakula kikuu cha wenyeji ni muhogo. Ugali wake wanauita gozo, na kisamvu wanakiita ngunza, wanakipika kwa karanga. Siku aliyogundua kwamba hata huko mbali watu wanakula kisamvu alinirekodia sauti ndefu, akaniuliza mama yake anatia nazi kwanza au karanga kwanza. Ile sauti naitunza. Askari akikueleza alichokula, ujue moyo wake una nafasi. Akikuandikia "niko poa" tu, siku tatu mfululizo, hapo kuna jambo.

Sasa hoja yangu. Mtoto wetu mdogo alilazwa kwa malaria. Mama mkwe akasema asiambiwe, atachanganyikiwa akiwa na bunduki mkononi. Nikangoja nikajua ametoka lindo na amekula, nikamwandikia: mtoto amelazwa, ana malaria, ametundikiwa dripu, daktari amesema hivi, mama yako yuko hapa na mimi. Kila kitu nilichokijua, hakuna zaidi. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza maswali ya maana, akalala. Kabla ya kuondoka alishaniambia: ukinificha mara moja tu, basi kila utakaponiambia mko salama nitakaa usiku kucha naitafuta maana ya pili. Mtu wa hivyo huwezi kumlinda kwa kumfunga macho. Anaisikia sauti yako, anakujua.

Nyie mnafanyaje?

Dereva_Pongwe

Dada pole na hongera kwa kusimama imara. Samahani, nitauliza lile lile ulilolikataa, maana ukoo wetu unagombana kwa ajili yake. Kaka yetu yuko huko. Wazee wanasema UN inamlipa maelfu ya dola kila mwezi na anatubania. Ukweli ni upi?

Mstaafu_Buti

Dereva, nitakujibu mimi ili mama asivutwe huko. Umoja wa Mataifa haumlipi askari mkononi. Unailipa nchi iliyomtoa, kwa kiwango kimoja kwa nchi zote. Kiwango kilichopitishwa 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa askari kwa mwezi, na hizo zinaingia serikalini. Serikali ya kila nchi ndiyo inayoamua askari wake apate nini. Anayegeuza 1,428 kuwa shilingi kisha akamdai mwenzie, anadai hesabu isiyo yake. Kaka yenu anapata posho, ndiyo, na ana watoto. Mwacheni ajenge.

Sasa nirudi kwenye uzi. Mama wa Makorora, nakuunga mkono nusu. Nilikuwa Kongo na ile Brigedi ya kuingilia kati iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Machi 2013, sisi, Afrika Kusini na Malawi. Mtoto kulazwa, ada, paa kuvuja, hayo mwambie kama ulivyofanya, na umefanya vizuri kusubiri atoke lindo. Lakini msiba usimwambie kwa simu. Nimemwona kijana anasoma ujumbe wa kifo cha mama yake saa nane za usiku, yuko peke yake kwenye lindo, silaha imejaa risasi. Hakuna aliyejua mpaka zamu ilipobadilishwa. Mungu alisaidia.

Njia ipo. Nendeni ofisi ya kikosi alichotoka hapa nyumbani. Wao wanawasiliana na kule, mkuu wa kombania anamwita, anakuwepo sheikh au padri, anakuwepo rafiki yake mmoja anayemwamini. Anaambiwa na watu wanaomwona uso. Anaondolewa lindo kwa siku kadhaa bila fedheha. Baada ya hapo ndipo mnampigia, na anapokea akiwa ameshalia.

Mama_wa_Muheza

Binti yangu wa Makorora, nimekusoma mara mbili. Mimi ni mama, si mke, na nitasema kinyume chako.

Mwanangu alikuwa Beni, Kongo mashariki, misheni kama hizi. Babu yake aliyemlea akafariki. Wazee wakakaa, tukakubaliana asiambiwe mpaka arobaini ipite, kwa sababu zile wiki tulikuwa tunasikia redioni mapigano ya upande ule. Nikawa naongea naye kila akipiga. Akiniuliza babu, namjibu amelala. Sikusema uongo mkubwa kuliko huo maishani mwangu na siombi radhi kwa mtu. Kijana aliyelemewa na msiba hatazami mbele, anatazama chini. Nilitaka atazame mbele. Alipojua alinikasirikia muda mrefu, na nikavumilia, kwa sababu aliyekuwa amekasirika alikuwa hai, amekaa sebuleni kwangu.

Binti_Makorora

Shikamoo mama. Siwezi kukuambia ulikosea, na wala sitaki. Beni na Berbérati si mahali pamoja, na mama na mke hawana mzigo mmoja.

Ila nikuulize kwa adabu: huyo babu angekuwa anaumwa muda mrefu kabla ya kufa, ungemficha na ugonjwa? Kwangu hapo ndipo penye tofauti. Aliyejua kwamba mzee anaumwa anakuwa ameanza kuaga, hata akiwa mbali. Anatuma sauti, mzee anasikilizishwa, anamjibu. Ukificha ugonjwa ili usiseme mauti, unamnyang'anya hiyo nafasi ya kuagana.

Afande Mstaafu, hilo la msiba kupitia kikosini nimelichukua. Nimemsomea mama mkwe kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tumekubaliana.

Mama_wa_Muheza

Marahaba mwanangu. Ugonjwa ningemwambia. Hapo una haki.

Kijana_Ngamiani

Mimi nataka kuongelea kitu ambacho mwanzisha uzi alikigusa akakiacha, la kutotaja kambi.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, huko huko Beni, ilishambuliwa na waasi wa ADF. Wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Kaka yangu alikuwa Kongo wakati huo. Habari ilipotoka, grupu la ukoo likawaka. Mtu anatuma picha za miili ambazo hajui zimetoka nchi gani. Mwingine anatuma orodha ya majina. Shangazi akaanza kupika kama kuna matanga. Baba yangu alichukua simu zote za nyumba akaziweka kwenye beseni mezani, akasema tunasubiri watu, hatusubiri simu. Kama kuna jambo, jeshi litagonga mlango huu. Tukakaa hivyo. Kaka akapiga baadaye, alikuwa kambi nyingine kabisa.

Kwa hiyo naomba jamani, ukiwa na ndugu misheni usijiunge na kusambaza. Ile picha unayoituma "kwa masikitiko makubwa" inafika kwa mke wa mtu kabla hajaambiwa na mwenye haki ya kumwambia.

Binti_Makorora

Mungu amlaze pema kila aliyebaki Semuliki, na awape subira waliobaki nyuma.

Baba yako amenifundisha kitu leo. Nami nieleze kwa nini nilisema hilo la kambi msiniulize. Mke hapewi siri za jeshi, lakini anajua vipande: leo wanatoka saa fulani, gari lao limeharibika, wenzao wamekwenda kuchukua mahitaji. Kipande kimoja hakina kitu. Ukivianika vipande vya wiki nzima kwenye status, asiyewatakia mema anavipanga. Nyumbani kwangu utaratibu ni huu: picha ya baba na kombati haiwekwi popote, hata siku ya kuzaliwa. Picha ikiwa na geti, mnara, mfuko wa mchanga au namba ya gari, naifuta baada ya kuiona. Safari ya kurudi haitajwi tarehe kwa jirani wala kwa fundi. Watoto wanajua kusema "baba yuko kazini" na wakiulizwa zaidi wanajibu hivyo hivyo.

Na ajabu yake, tulipoyaondoa hayo yote kwenye mazungumzo ndipo tukapata ya kuzungumza. Hawezi kuniambia anakwenda wapi, basi ananiambia kuhusu mama mmoja muuza muhogo, jinsi anavyomsalimia kwa Kisango, lugha ya kule, naye anamjibu singila, asante, hata kama hajanunua kitu. Ananiambia kitanda cha mwenzake kinapiga kelele. Namwambia maembe ya uani yameanza kuiva, na kwamba fundi ameshindwa tena ile bomba. Haya ndiyo yanayomleta nyumbani jioni.

Mstaafu_Buti

Kwenye lugha mwenzetu ana kazi. Sisi Kongo mashariki tulikuwa na bahati, Goma mpaka Beni Kiswahili kinasemwa, chao kina ladha yake lakini mnaelewana. Ukienda sokoni unaitwa kaka, unapewa habari. Afrika ya Kati ni Kisango na Kifaransa. Upweke wake ni mkubwa zaidi, mama, ongezeni sauti za watoto.

Mwalimu_Mabawa

Nimefuatilia kimya, naomba nichangie kidogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, akapelekwa Burma kwenye Vita Kuu ya Pili. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944, msimu wa mvua, malaria tupu. Kulikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Heshima, na barua zilipitiwa na maofisa kabla ya kusafiri. Babu hakujua kuandika. Alimtajia mwenzake maneno, mwenzake akaandika, na huku kijijini mwalimu wa shule ndiye aliyezisoma mbele ya watu. Bibi alikuwa akisema kwamba kila barua iliulizia ng'ombe. Alikasirika, akidhani haulizwi yeye. Akaja kufahamu kwamba mbele ya mwandishi, ofisa na mwalimu, ng'ombe ndiye pekee aliyeweza kuulizwa bila haya.

Kwa hiyo dada, kisamvu chako nimekielewa.

Dereva_Pongwe

Afande asante kwa lile jibu. Nimewasomea wazee. Mmoja amenuna, wawili wameelewa. Kaka nimemtumia sauti, nimemweleza tu kwamba Coastal Union wanacheza uwanja wa Mkwakwani Jumamosi na nitamtumia matokeo. Amejibu haraka kuliko siku zote tulipokuwa tunamwomba hela.

Mgeni_Sahare

Habari zenu. Nimejiunga leo kwa sababu ya uzi huu. Mume wangu yuko Kunduchi kwenye mafunzo ya ulinzi wa amani, wanaondoka karibuni, tarehe nimeelewa sasa nisiitaje. Hii ni misheni yake ya kwanza na mie nina mimba. Nianzie wapi? Naogopa sana lakini mbele yake nacheka.

Binti_Makorora

Karibu mdogo wangu. Kwanza usicheke ovyo mbele yake, anajua. Mwambie naogopa, kisha mkae mpange.

Akiwa bado yupo, hakikisheni haya: jina lako kwenye fomu za ndugu wa karibu liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Kadi ya bima isiwe imeisha muda. Hela ya matumizi iingie kwenye akaunti unayoweza kuifikia mwenyewe, siyo kupitia kwa kaka yake. Ada, kodi ya nyumba na deni lolote liandikwe kwenye daftari moja na nyote wawili mlione. Kama kuna kiwanja, nakala ya hati ibaki kwako.

Halafu mkubaliane mambo mawili kwa mdomo. La kwanza, kimya cha muda gani ni cha kawaida. Sisi tumekubaliana, na kabla muda huo haujapita simtafuti mtu wala sihesabu tiki. La pili, uchungu ukianza nani anamwambia, na aambiwe ukiwa unaelekea hospitali au mtoto akishazaliwa. Muulize yeye anataka lipi. Lile atakalochagua ndilo ufanye, hata kama dada zake watakuwa na maoni.

Na rekodi sauti yake sasa hivi akisoma dua au hadithi yoyote. Mtoto akizaliwa mwekee masikioni. Wangu mdogo alizoea hivyo, baba aliporudi likizo hakumlilia.

Mama_wa_Muheza

Sahare si mbali. Ukikaribia siku zako nitumie ujumbe wa faragha, nina binti yangu Chumbageni atakuja kulala na wewe. Mwanamke mjamzito asikae nyumba peke yake na simu.

Mgeni_Sahare

Mama Mungu akubariki. Nitakuandikia usiku huu. Afande, swali la mwisho: ofisi ya kikosi niijueje? Naruhusiwa kwenda tu?

Mstaafu_Buti

Unaruhusiwa, wewe ni familia. Mwambie akupeleke mwenyewe kabla hajaondoka, muende wote, akutambulishe kwa ofisa anayeshughulikia maslahi ya askari. Chukua namba ya ofisi na iandike kwenye karatasi, usiiache kwenye simu tu. Beba kitambulisho na cheti cha ndoa. Nendeni asubuhi, lakini siyo mapema mno, wakati huo watu wako kwenye gwaride na utamkuta mlinzi wa geti peke yake. Saa nne ni wakati mzuri.